Kabla Hujapanda Ndege ya Ujerumani

Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi mjini Berlin, mbele ya Rais William Ruto na Kansela Olaf Scholz. Habari iliyofika mitaani ikawa ya nafasi 250,000 za kazi. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ilikanusha, ikasema mkataba hautaji idadi yoyote, lakini kanusho halikufika mbali kama ile namba. Kwa hiyo elewa mapema kwamba hakuna kiti kilichowekwa kando kikikungoja. Kuna mwajiri mwenye jina na anwani aliyekupa mkataba wa kazi, au hakuna kitu. Wakala naye mhakikishe kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Katika uuguzi, waajiri makini wa Ujerumani hubeba wenyewe gharama za kukuajiri, kwa hiyo anayekudai laki mbili za "kuharakisha faili" mwulize zinaenda kwa nani, tena kwa maandishi.

Ijue pia njia unayopitia, maana majirani wataiita "kazi ya Ujerumani" hata kama si kazi. Au pair anaishi na familia, anasaidia kulea watoto kwa saa zisizozidi 30 kwa wiki, na hupewa chumba, chakula na euro 280 za matumizi kwa mwezi. Huo si mshahara. Ni mwaka mmoja wa kujifunza lugha na kutafuta mlango unaofuata, na ukiuchukulia hivyo una faida yake. Ukiwa umeahidi kulipa karo ya wadogo zako kwa hizo euro 280, mwaka huo utakuumiza.

Wanaokwenda kwa Ausbildung, yaani mafunzo ya kazi yenye posho, hesabu yao inahitaji utulivu zaidi. Tuseme mkataba wa uuguzi unasema euro 1,300 kwa mwezi. Nyumbani mtu anazidisha mara 150, anapata shilingi 195,000, na mipango inaanza hapo hapo. Lakini bima ya afya, pensheni na bima nyingine za lazima zinakatwa kabla pesa hazijakufikia, unabaki na elfu moja na ushei. Chumba kikiwa 400, chakula 200, tikiti ya mwezi ya mabasi na treni 63, ada ya redio na televisheni 18.36 kwa kila makazi (hata kama huna televisheni, ndiyo), simu kidogo, unabakiwa na kama 300. Humo ununue koti na viatu vya baridi, ulipie stakabadhi, kisha utume nyumbani. Na miji kama Munich chumba cha 400 ni bahati.

Mwezi wa kwanza ndio mbaya kuliko yote, kwa sababu posho huja mwishoni mwa mwezi na mahitaji hayangoji. Mwenye nyumba anaruhusiwa kudai amana inayofika kodi ya miezi mitatu. Nyumba nyingi hukodishwa bila jikoni, nami sizungumzii sufuria: hakuna sinki, hakuna jiko, na mara nyingine hata balbu amehama nazo aliyetoka. Mwulize mwajiri kama ana bweni au chumba cha kuanzia. Ukishahamia, una wiki mbili za kwenda kujiandikisha katika ofisi ya mji, na karatasi utakayopewa huko ndiyo huombwa mara nyingi unapofungua akaunti ya benki na kushughulikia mengine.

Kuhusu lugha, cheti cha B1 au B2, yaani viwango vya kati vya Kijerumani, kinakuingiza mlangoni tu. Mwalimu wako Nairobi alisema Kijerumani sanifu, polepole. Bibi wa miaka 90 katika nyumba ya wazee huko Bavaria anasema lahaja ya kijijini kwake, meno kayaacha kwenye glasi, na anataka kueleweka mara ya kwanza. Tafuta video za lahaja ya jimbo unalokwenda uanze kuzoesha sikio.

Kazi yenyewe nayo huwashtua wauguzi waliosomea Kenya. Huku jamaa au msaidizi ndiye mara nyingi humwogesha mgonjwa na kumlisha. Kule ni kazi ya muuguzi, pamoja na kumbadilisha nepi. Na mpaka cheti chako kitambuliwe rasmi, unahesabiwa na kulipwa kama msaidizi, hata uwe uliongoza wodi nzima. Kama jambo hilo litakukata maini, heri likukate ukiwa bado Kisumu.

Giza la Desemba watu hulitaja kwa mzaha, lakini Berlin jua huzama kabla ya saa kumi alasiri na maduka karibu yote hufungwa Jumapili. Wakati huo ndipo mtu hugundua hana wa kumgongea mlango. Tafuta mapema kanisa, msikiti au kikundi cha Wakenya katika mji wako mpya.

Linalobaki ni kikao na nyumbani, na hicho huahirishwa mpaka uwanja wa ndege. Kama nauli ilitoka kwa harambee, waliochanga wana haki ya kujua hesabu. Waonyeshe makato. Taja utatuma kiasi gani na kuanzia mwezi upi, na useme wazi kwamba miezi sita ya mwanzo ya mafunzo ya uuguzi ni ya majaribio: wewe au mwajiri anaweza kuvunja mkataba, na kibali chako cha kuishi kimefungwa kwenye mafunzo hayo. Mzee akisema mtoto wa fulani alijenga ndani ya mwaka mmoja, mwulize alikwenda kwa kazi gani, kisha rudini kwenye karatasi ya hesabu.