Chora vibaya, kwa makusudi

Msimu wa korosho ukianza, Oktoba hivi, kichwa changu kinageuka mizani. Mimi ni karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, nashinda kijijini nikipima magunia na kuandika kilo, na usiku namba zinaendelea kujipanga zenyewe: sabini na nane, themanini na moja, yule babu anadai nimempunja nusu kilo. Niliambiwa nihesabu pumzi. Nikajikuta nazijumlisha.

Kilichonituliza ni mkaa. Nikirudi nyumbani, Mtwara mjini, naokota kipande chembamba jikoni, nachana boksi la sabuni, nachora. Sijui kuchora, na ni afadhali hivyo. Anayejua ataanza kujisahihisha, na hapo karudi kazini.

Anza na bibo, tunda la mkorosho, ambalo korosho yake haijang'olewa. Liweke mbele yako, gusisha ncha ya mkaa kwenye boksi, kisha boksi usiliangalie tena. Macho yote kwenye bibo. Sema kuna sisimizi anatembea pembezoni mwake, ameanzia kwenye kikonyo, na mkono wako unamfuata kwa mwendo wake huohuo. Taratibu, mno. Akifika pale bibo linapokutana na korosho asiruke: ashuke kwenye kile kibonde, apande mgongo wa korosho, azunguke mpaka kwenye ule mbonyeo wa tumboni, atokee upande wa pili. Hamu ya kuchungulia ikikubana, ujue akili imeanza kudai hesabu zake. Mimi mkono naufunika kwa ungo, maana sijiamini.

Utakachokikuta mwishoni kitakuchekesha. Cha kwangu cha kwanza, mwanangu aliuliza kama ni ramani ya kwenda Newala. Cheka, geuza boksi, rudia. Mara tatu nne zinatosha, ukizidisha inakuwa kazi nyingine.

Ukitaka rangi, kamulia bibo kwenye kisosi uchovye kidole. Vaa nguo chakavu, doa lake halitoki. Ila korosho yenyewe usiipasue kwa mikono mitupu, mafuta ya ganda yanachubua ngozi.

Wachongaji wa Kimakonde wana mtindo wanaouita mawingu. Mpingo unachongwa mizunguko na matundu, huwezi kusema huyu ni mtu au ni mnyama. Zamani nilidhani ni uvivu wa kuchonga sura. Siku hizi nikikutana na kinyago cha namna hiyo nakizungusha mkononi kwanza, sikiulizi ni nini.

Siku mambo yakizidi, boksi halifai. Nenda ufukweni, kwangu ni Shangani ya hapa Mtwara, maji yakiwa yametoka, chukua kijiti, tafuta mchanga ulioloa. Hapo chora jambo lenyewe linalokukera, lakini lichore kama kunguru anavyoliona kutoka juu. Watu wawe makombe ya baharini, magunia yawe vijiti, na wewe mwenyewe uwemo, kombe kama wengine. Usijiwekee kubwa.

Msimu uliopita wakulima waligombana kwenye mizani kila siku, saa tano ikifika tu. Niliwaona wakorofi, na wengine niliwaambia hivyo, Mungu anisamehe. Jumapili moja nikaupanga uwanja wote pale mchangani: mwembe, meza yangu, mizani, foleni. Kivuli cha mwembe nikakichora kwa kidole, nikakizungusha kadiri jua linavyopanda. Asubuhi kinawafunika wote. Saa tano kimebaki juu ya kombe moja tu, langu, nimekaa na chupa ya maji. Makombe mengine yote yapo juani, mengi ni ya wazee.

Nilikaa pale hadi maji yakaanza kujaa, yakala foleni kwanza, kisha meza.

Jumatatu tulihamishia mizani upande wa pili wa shina, meza yangu ikabaki juani. Vijana wa kubeba magunia walinung'unika kwa sababu umbali uliongezeka. Mimi nikanunua kofia.