Uliza kanga ile ni ya nani, mwenyewe angali hai

Kama kwenu kuna kasha la bibi, au hata kijaluba tu chenye vipuli na vifungo vya zamani, usingoje msiba ndiyo uanze kuuliza. Kaa naye baada ya sala ya alasiri, mtoleeni kitu kimoja kimoja, mwachieni akishike. Mkono ukishagusa, maneno hujileta yenyewe. Muulize alikipata kwa nani, na siku hiyo kulikuwa na shughuli gani. Mrikodi kwa simu, ila simu huibiwa na huharibika, kwa hiyo andika pia.

Andika kwa penseli. Unyevu wetu wa masika huchuruza wino ukatia doa kwenye nguo. Karatasi ifunge kwa uzi wa pamba, kwani pini hushika kutu. Kanga iandikie jina lake lote, yaani maneno yaliyochapwa juu yake, nani aliitoa, ilivaliwa wapi, na kama doti iligawanywa, kipande cha pili kiko kwa nani. Hili la mwisho naliona muhimu kuliko yote: kipande kimoja kinabaki Wete, Pemba, cha pili kiko Ng'ambo, mjini Unguja, na wajukuu hawajui kwamba ni doti moja ya harusi ya bibi yao.

Kofia ya kushona kwa mkono ifue wanga wote utoke kabla hujaiweka, maana wadudu wanaupenda. Kaskazi ikiingia, fungua kasha, vitu vipigwe upepo kivulini.