Namna ya Kupima Glezi ya Kigae cha Kale cha Kichina kwa Mashine ya Eksirei

Wakazi wengi wa Mwanza wameiona mashine ya eksirei ya kushika mkononi kwa wanunuzi wa dhahabu. Mashine ya namna hiyo, inayotambua elementi zilizomo kwenye kitu kwa kukimulika kwa mionzi, hupima pia glezi, yaani tabaka la kioo linalofunika chombo cha kauri, bila kukwangua kigae (kipande cha chombo kilichovunjika). Hata hivyo, usiazime ya dukani, kwa kuwa imesawazishwa kwa ajili ya metali na tarakimu zake zitakupotosha. Tafuta iliyosawazishwa kwa vioo, na mwendeshaji awe na kibali cha mionzi.

Tuseme umekabidhiwa kwa kibali kigae cha kijani cha Longquan, mkoani Zhejiang, kilichofukuliwa kwenye pwani yetu. Kisafishe kwa maji yaliyokenekwa na brashi laini, kisha ukiache kikauke kabisa, kwani vumbi la majabali yetu ya graniti lina potasiamu na chuma, vitu vilevile unavyokwenda kuvipima.

Kabla ya kuwasha mashine, tazama ukingo uliovunjika kwa lenzi inayokuza mara 10. Hapa usiharakishe. Utaona mwili wa kijivu na juu yake kioo cha kijani chenye viputo vidogo mno, ambavyo hutawanya mwanga na kuipa glezi ule ulaini wa jade, jiwe la thamani la kijani. Pima unene wake papo hapo: ishara ya silikoni hutoka kwenye ngozi ya juu tu, ilhali ile ya chuma hutoka ndani zaidi, hivyo glezi ikiwa nyembamba, sehemu ya chuma unachokisoma ni cha udongo ulio chini.

Pima sehemu tatu zilizo bapa. Tarajia kalsiamu nyingi na chuma kidogo, ambacho kiligeuka kijani kwa sababu tanuri lilinyimwa hewa. Sodiamu usiitafute, maana mionzi yake humezwa na hewa.

Kigae kikiwa cheupe chenye maua ya buluu, pima ua, kisha pima sehemu nyeupe iliyo jirani, na utoe kipimo cha pili katika cha kwanza. Manganizi ikibaki kidogo kuliko chuma, yaelekea kobalti, yaani elementi inayotoa ile rangi ya buluu, iliagizwa kutoka nje ya China, kama ilivyokuwa desturi enzi za Yuan, nasaba iliyotawala China karne ya 13 na 14. Ikizidi sana, yaelekea ilichimbwa China kwenyewe.