Kurekebisha shokapu za pikipiki ili iache kuyumba: somo la hatua kwa hatua

Kila wiki ninaulizwa ni shokapu gani ngumu itakayoifanya Boxer 150 itulie kwenye kona, na kila wiki ninajibu kwamba ugumu si dawa. Pikipiki nyingi zinazoyumba zina springi nzima, ila mafuta ndani ya shokapu za mbele yamechakaa au yamepungua, na nyuma imezama kwa mzigo ambao haukurekebishiwa. Ninaandika mara moja ili nisirudie tena.

Hatua ya 1. Jaza upepo wa matairi kwa kipimo chake na ukague beringi za usukani, kwa maana beringi iliyolegea huleta dalili zilezile za shokapu mbovu.

Hatua ya 2. Anza na nyuma. Pima kutoka ekseli hadi alama uliyoiweka kwenye fremu, kwanza gurudumu likiwa linaning'inia, kisha ukiwa umekaa na mzigo wako wa kawaida. Tofauti ya vipimo hivyo iwe kati ya robo na theluthi ya mwendo wote wa gurudumu la nyuma, yaani umbali linaoweza kupanda kutoka kuning'inia hadi mwisho. Ikiwa mwendo ni milimita 110, tafuta kama 28 hadi 36. Rekebisha kwa pete ya ngazi iliyo kwenye springi, pande zote mbili ngazi ileile. Pete hiyo hainunui ugumu: inainua pikipiki tu, na springi inabaki ileile.

Hatua ya 3. Sasa njoo mbele. Egemeza injini juu ya gogo imara. Legeza bolti ya klampu ya juu (kibano kinachoshika shokapu karibu na usukani), kisha legeza kidogo kifuniko cha shokapu ikiwa bado imeshikwa na klampu ya chini, kwani ukishaitoa hutakuwa na mahali pa kuishika. Toa gurudumu, madigadi na shokapu.

Hatua ya 4. Fungua kifuniko huku ukikikandamiza, uso ukiwa pembeni, kwa sababu springi inakisukuma. Toa springi, mwaga mafuta, na pampu hadi yaishe.

Hatua ya 5. Ukibadilisha sili (pete ya mpira inayozuia mafuta yasivuje), funika mdomo wa bomba la shokapu kwa kipande cha mfuko laini wa plastiki ili ukingo usiikate.

Hatua ya 6. Hapa ndipo nilipoharibu, hivyo soma polepole. Kimo cha mafuta hupimwa springi ikiwa nje na shokapu ikiwa imekandamizwa hadi mwisho, kutoka ukingo wa juu wa bomba kushuka hadi usawa wa mafuta. Mimi nilipima springi ikiwa ndani na shokapu ikiwa imenyooka, nikajaza hadi rula ikaniridhisha. Kiwanjani pikipiki ilisimama imara nikajisifu. Shimo la kwanza la maana, bomba lilipozama, mafuta yakapanda na kumaliza nafasi yote ya hewa, na kwa kuwa mafuta hayabanwi kama hewa, usukani ulinigonga mikononi kama nimegonga ukuta na sili zote mbili zikaruka. Mafuta yalitiririka hadi kwenye tairi la mbele. Kwa hiyo: mimina, pampu taratibu mara kumi au zaidi hadi mapovu yaishe, acha itulie, ndipo upime. Fuata kipimo cha kitabu cha pikipiki yako, na usikubali pande mbili zitofautiane.

Hatua ya 7. Unaporudisha, kaza ekseli mwishoni, baada ya kuibonyeza mbele mara kadhaa ili shokapu zijipange sambamba.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, somo ni zuri, lakini nitajie tu shokapu ngumu ya bei nafuu.
Jibu: Rudi kwenye sentensi ya kwanza.

Swali: Nimebakiwa na oili ya injini 20W-50. Si ni namba kubwa kuliko 10W ya shokapu, hivyo ni bora zaidi?
Jibu: Hapana. Namba za oili ya injini na za mafuta ya shokapu hazilinganishwi moja kwa moja. Oili hiyo ni nzito mno; kwenye barabara ya matuta madogo yanayofuatana shokapu haitawahi kurudi kabla ya tuta linalofuata, itaendelea kuzama. Nimeshajibu hili mara nyingi, tafadhali.

Swali: Mwalimu, yangu inapita vizuri kwenye vituta, ila nikishika breki kwa nguvu mbele inagonga chini. Je, springi imechoka?
Jibu: Swali zuri, ndugu yangu. Huenda springi ni nzima. Hewa iliyo juu ya mafuta ni springi ya pili, nayo hukazana zaidi kadiri nafasi yake inavyobanwa, yaani mwishoni mwa mwendo. Ikiwa mafuta hayakupungua, pandisha usawa wa mafuta kwa milimita 5 tu, ujaribu, kisha 5 nyingine ikihitajika. Funga kamba ya plastiki ya nyaya kwenye bomba linalong'aa, ikigusa sili. Ukirudi safari itakuonyesha shokapu ilizama hadi wapi.

Swali: Sili yangu inavuja kidogo na ni mpya. Ninunue nyingine?
Jibu: Bado. Mara nyingi ni mchanga ulionaswa. Nyanyua kifuniko cha vumbi, kata utepe kutoka picha ya zamani ya eksirei, uuingize kati ya bomba na sili, uzungushe na kuutoa nje pamoja na uchafu.

Swali: Utepe hautakwaruza bomba?
Jibu: Hautakwaruza ukiulainisha kingo kwa msasa namba 1000 na kuupaka mafuta kwanza. Kinachokwaruza ni bisibisi, na ninajua kuna mtu humu ameshaishika.