Hesabu za kuombea udaktari Marekani: anzia mwisho, rudi nyuma

Nyumbani Tanzania ukitoka kidato cha sita na PCB (fizikia, kemia na biolojia) iliyonyooka, na BAM, yaani hesabu za msingi, ya kusindikiza, unaomba udaktari moja kwa moja. Huku Marekani unamaliza kwanza digrii ya miaka minne, na ndani yake unasoma kozi ambazo chuo cha udaktari kinazidai. Za biolojia, kemia na fizikia kila mtu atakutajia. Mimi nilikwama kwenye hesabu.

Kosa langu ni kuanzia kwa mshauri wa masomo. Alikuwa na bakuli la pipi mezani na dakika 15 za kunihudumia, 10 zikaishia kutafuta jina langu kwenye kompyuta. Akaniambia madaktari wanapenda kalkulasi (calculus), nichukue ya kwanza na ya pili. Nikachukua. Ya pili ikanipa D. Nilipokuja kusoma masharti ya vyuo vya hapa Texas ninakoishi, kumbe wanachotaka ni takwimu, krediti 3. Takwimu nikaisoma kiangazi kwa pesa yangu ya zamu za usiku, kwa sababu msaada wa masomo wa mwaka ule ulishakwisha.

Wewe anza na orodha ya vyuo vya udaktari unavyotaka kuomba. AAMC, jumuiya ya vyuo vya udaktari vya Marekani, wana hifadhi ya masharti mtandaoni inaitwa MSAR. Sehemu yenye maelezo ya ndani ni ya kulipia; lipa tu, kozi moja usiyoihitaji ni ghali zaidi. Kisha hakiki kwenye tovuti ya chuo chenyewe. Kama una viza ya mwanafunzi, tazama kwanza kama wanapokea wageni, maana vingi havipokei.

Utakuta chuo kimoja kinadai mwaka mzima wa hesabu, kingine takwimu tu, kingine hakidai chochote ila "kinapendekeza". Neno hilo lisome kama mwaliko wa harusi ulioandikwa "zawadi si lazima".

Ukiniuliza mimi, takwimu kwanza, kalkulasi ya kwanza ifuate, basi. Ya pili muachie anayeipenda au ambaye digrii yake inaidai. MCAT, mtihani wa kuombea vyuo vya udaktari, hauna kalkulasi, ila hauruhusu kikokotoo pia, kwa hiyo logi, uwiano na kusoma grafu viwe kichwani. Angalia pia kama fizikia ya chuo chako inadai kalkulasi kabla ya kukusajili.

Takwimu ya idara ya saikolojia je? AMCAS, mfumo wa maombi unaotumiwa na vyuo vingi, hupanga kozi kwa maudhui yake bila kujali idara, kwa hiyo itaingia kwenye hesabu na kwenye wastani wa sayansi, ule wa BCPM (biolojia, kemia, fizikia na hesabu). Lakini chuo unachoomba kinaweza kuwa na msimamo wake. Waandikie barua pepe, ambatanisha muhtasari wa kozi, na jibu lao ulitunze. Mimi nilijibiwa kwa mstari mmoja baada ya wiki mbili, na ule mstari ndio ulioniokoa. Krediti za AP, kozi za kiwango cha chuo zinazosomwa haiskuli, nazo ziulizie hivyohivyo; wapo wanaozipokea, wapo wanaotaka uongeze kozi ya juu yake.

Sasa lile lililoniumiza kuliko yote. Ile D niliirudia nikapata B, chuo changu kikaifuta ya kwanza kwenye wastani, nikapika pilau. Kumbe AMCAS, na TMDSAS, mfumo wa maombi wa vyuo vya Texas, wanahesabu zote mbili. Ukiona kozi inakuzamisha, jitoe kabla ya tarehe ya mwisho. Alama ya W inaonekana kwenye transkripti, ila haihesabiwi kwenye wastani.

Siku ya kujaza fomu, weka transkripti mbele yako, kwani kila kozi uliyowahi kusoma inaingizwa moja moja. Kalkulasi ya pili nami nimeiandika. Mara mbili.