Namna ya Kuendesha Karakana ya Korosho Ambayo Wabanguaji Hodari Hawaihami

Nasimamia karakana ndogo ya kubangua korosho hapa Mtwara mjini, upande wa barabara ya kwenda Mikindani. Tuko watu 42, na 36 kati yetu ni wanawake. Kabla ya hapo nilimenya korosho miaka minne kwenye karakana nyingine, kwa hiyo haya ninayoandika nimeyaona nikiwa mmenyaji na nimeyaona nikiwa msimamizi.

Wenzangu wenye karakana hulalamika kwamba watu wa siku hizi hawapendi kazi. Sikubaliani nao. Mama anayeamka saa kumi na moja alfajiri pale Chikongola, akateka maji, akaandaa watoto, akatembea mpaka kazini na kufika saa moja kasoro robo, huyo amekuja na ari yake kutoka nyumbani. Kazi ya msimamizi ni kutoiua. Na kwa watu wanaolipwa kwa kilo, hakuna kinachoiua ari upesi kama mizani isiyoaminika. Ndiyo maana hatua ya pili hapa chini ni ndefu kuliko nyingine zote.

Hatua ya 1: Kaa kwenye benchi wiki nzima

Usiandike kanuni wala kuitisha kikao kabla hujafanya kazi yao. Anza kwenye kubangua: korosho imeshapigwa mvuke na kupoa, unaiweka kati ya visu viwili, mguu kwenye pedali, mkono kwenye mpini, ganda linafunguka. Yale mafuta meusi ya ganda yakigusa ngozi yanaunguza, na siku ya pili utaona vidole vinababuka. Kisha hamia kwenye kumenya ngozi ya ndani, halafu kwenye kupanga madaraja. Fanya zamu nzima, si nusu saa ya kupigwa picha.

Mimi nilidhani naijua kazi kwa kuwa niliwahi kuifanya. Wiki ile nikagundua kwamba wanawake hawanywi maji tangu asubuhi hadi mchana, na joto la chumba cha kumenyea unalijua. Nikauliza kwa nini. Wakatazamana. Mwisho mmoja akaniambia kwamba ufunguo wa choo cha wanawake unakaa kwa mnyapara, tena mwanamume, na kila anayeutaka lazima aende kumwomba mbele ya watu. Nilikuwa nimewanunulia fulana za kazi na kuwaahidi zawadi za mwisho wa mwaka, kumbe watu wanakaa na kiu ili wasiombe ufunguo. Siku hiyohiyo tuling'oa kufuli, tukaweka kitasa cha ndani.

Utakayoyaona ya namna hiyo yarekebishe ndani ya wiki hiyohiyo. Glavu, mafuta ya kupaka mikononi, aproni na barakoa ni jukumu la mwajiri chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003. Usimkate mtu hela ya glavu.

Hatua ya 2: Weka mizani mbele ya macho ya anayepimiwa

Kule nilikoanzia, mizani ilikuwa ndani ya chumba cha karani. Unapitisha beseni dirishani, unasubiri, unatajiwa namba. Siku moja mwenzangu alipitisha beseni lake likasomwa kilo 6.2. Akaliomba arudi kulichambua tena. Hakulichambua. Akampa mwenzake alipeleke vilevile lilivyo, likasomwa kilo 5.8. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyekwenda kwa meneja. Wiki iliyofuata watatu hodari kuliko sote hawakurudi, na mwenye karakana akasema wanawake wa Kusini hawana uvumilivu. Nami niliondoka mwezi uliofuata.

Kwetu leo tunafanya hivi, nawe unaweza kuanza kesho:

Toa mizani chumbani, iweke katikati ya ukumbi juu ya meza imara, kioo chake kimwelekee mfanyakazi. Karani asimame pembeni. Atakayesoma namba kwa sauti ni mwenye korosho, karani anaandika anachokisikia na kukiona.

Hakikisha mizani imekaguliwa na Wakala wa Vipimo na ina stika ya mwaka huo. Waoneshe watu stika hiyo, waeleze maana yake. Lakini stika ya mwaka haitoshi kwa jambo la kila siku. Nunua jiwe la kilo 5 lililokaguliwa nalo, na kila asubuhi kabla ya kazi mfanyakazi mmoja, kwa zamu, aliweke juu ya mizani wote wakiona. Isiposoma kilo 5 kamili, siku hiyo hapimwi mtu mpaka irekebishwe. Zamu hii usimpe mnyapara. Mpe mmenyaji.

Beseni tupu lipimwe kwanza, mizani irudishwe sifuri, ndipo korosho ziingie. Beseni likilowa au likibadilishwa, anza upya.

Sasa sehemu inayoleta magomvi mengi. Mmenyaji akipewa kilo 10 za korosho karanga, yaani viini vilivyokwisha banguliwa, zilizotoka kwenye oveni, hawezi kurudisha kilo 10 zilizomenywa, kwa sababu ngozi imetoka na nyingine zimevunjika. Kama unapima nzima peke yake, kila mtu atajiuliza kilo nyingine imekwenda wapi, na kila msimamizi atahisi ameibiwa. Pima makundi matatu: nzima, vipande, ngozi. Yajumlishe mbele yake. Jumla itarudi karibu na zile 10, na pande zote mbili zitatulia. Tangu tuanze kupima ngozi, maneno ya wizi yamekwisha kabisa kwenye ukumbi wetu.

Mwisho, daftari mbili. Moja la karani, moja la mfanyakazi mwenyewe, na kila kipimo kinaandikwa kotekote na kusainiwa kotekote. Asiyejua kusoma achague mwenyewe mwenzake wa kumsomea, usimchagulie. Tuna mama mmoja, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, daftari lake amelishonea jalada la kipande cha kanga na huenda nalo nyumbani kila jioni. Aliniambia mwanawe wa darasa la sita humjumlishia kilo zote baada ya chakula cha usiku, na mwisho wa wiki hujua atalipwa kiasi gani kabla sijamlipa. Mtu wa hivyo hakuulizi maswali ya wasiwasi. Anakuuliza lini mzigo mpya unaingia.

Karani akikosea, lipa tofauti siku hiyohiyo na useme mbele ya wote kwamba kosa lilikuwa letu.

Hatua ya 3: Siku ya malipo isisogee

Hapa sina maneno mengi. Taja siku, iandike ukutani, lipa siku hiyo. Ukijua fedha itachelewa, sema siku tatu kabla, si saa kumi jioni watu wameshasimama foleni.

Mpe kila mtu mkataba wa maandishi kwa Kiswahili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na za ziada zinalipwa mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28. Makato nayo yana utaratibu wake: huwezi kumkata mtu fidia ya hasara bila makubaliano ya maandishi na bila kumsikiliza, na hata mkikubaliana, makato hayo yasizidi robo ya ujira wake. Wasomee haya kwa sauti. Kuna wanaoogopa kwamba mfanyakazi akizijua haki zake atasumbua. Kwangu imekuwa kinyume: anayejua amesimama wapi hufanya kazi kwa utulivu.

Hatua ya 4: Panga kazi kwa kalenda ya Kusini

Wengi wa wabanguaji wetu ni wakulima pia, au wana wazazi wenye mikorosho Tandahimba, Newala, Nanyamba. Kuanzia Mei hadi Agosti kuna kupulizia mikorosho dawa ya salfa. Oktoba mavuno yamepamba moto na minada ya vyama vikuu vya ushirika inaanza. Desemba mvua zimeshika, watu wanalima. Likizo za shule zikifika, kuna unyago na jando, na mama mwenye mwali hawezi kukaa mezani kumenya korosho wakati mwanawe yuko ndani. Usimwite huyo mtoro.

Tunachofanya: mwezi Aprili tunakaa wote na karatasi kubwa ya kalenda ukutani. Kila mtu anataja siku anazozihitaji. Wanapanga wenyewe kwa wenyewe nani ampishe nani, kwa sharti moja kwamba kila meza isipungue watu wanne. Mara ya kwanza kikao kilichukua saa mbili na kilikuwa na kelele. Mwaka wa pili kilichukua dakika arobaini. Ramadhani tunaanza kazi mapema na kumaliza mapema. Msiba hauombewi ruhusa, unatolewa taarifa tu, na karakana inapeleka mkono wa pole.

Kalenda hiyo iseme pia ukweli kuhusu mzigo. Korosho ghafi hununuliwa msimu wa minada, na karakana ndogo yenye mtaji mdogo huishiwa kabla ya msimu mwingine. Ukiona ghala linaelekea kwisha, tangaza mwezi mmoja kabla, ili mtu ajipange, atafute kibarua kingine au akalime. Anayefukuzwa na geti lililofungwa bila taarifa harudi, na ukimwona amerudi ujue hakupata pengine.

Hatua ya 5: Chagua mnyapara kwa jinsi anavyosahihisha wenzake

Kosa langu kubwa lilikuwa kumpandisha mmenyaji mwenye kasi kuliko wote. Kasi yake ilimfanya awaone wengine wazembe. Alikuwa kijana wa miaka 24, na siku moja alimwambia mama wa umri wa mama yake, mbele ya meza nzima, "Wewe unavunja tu, umezeeka." Yule mama hakujibu. Aliweka kisu chini, akakunja kanga yake, akaondoka. Nilimfuata nyumbani Magomeni jioni, nikamwamkia, nikaomba radhi kwa niaba ya karakana. Siku ya tatu nikaenda na yule kijana mwenyewe. Alianza na shikamoo, akanyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mama, nisamehe, nilikukosea." Mama akarudi kazini. Kijana alirudi kwenye kumenya kwa miezi sita, kwa kukubaliana na si kwa adhabu, na leo ni mnyapara mzuri.

Tangu hapo naangalia vitu viwili kabla ya kumpa mtu usimamizi. Je, wenzake humwita waonapo shida, au humficha? Na je, akiona korosho zimevunjika, huanza kwa kuuliza? Mara nyingi korosho zinavunjika kwa sababu zimekaa sana kwenye oveni au kisu hakina makali, wala si kosa la mmenyaji. Anayesahihisha, asahihishe pembeni kwa sauti ndogo. Mdogo amwamkie mkubwa kwanza, hata kama mdogo ndiye bosi. Utani upo, ndio raha yetu Kusini, lakini mnyapara asitanie kazi ya mtu wala mwili wake.

Hatua ya 6: Mtu mpya aambiwe mabaya kwanza

Tangazo la ukutani halituletei watu. Wanaletwa na majirani zao waliomo ndani, na ndiyo maana hatua tano za mwanzo zinatangulia hii. Akija, mwambie kwamba mafuta yanaunguza, kwamba wiki mbili za mwanzo atapata kilo chache na atakata tamaa, kwamba mgongo utauma. Kisha mpe siku mbili za majaribio, umlipe siku hizo, na umkalishe karibu na mtu mpole. Asiyetaka ataondoka mapema bila kinyongo. Katika wiki hizo mbili mlipe kwa siku, usimlipe kwa kilo.

Hatua ya 7: Mwoneshe korosho inakokwenda na yeye anakoweza kufika

Wamenyaji wengi hufanya kazi miaka bila kujua maana ya W320. Waeleze: ni korosho nzima ambazo kati ya 300 na 320 zinatimiza ratili moja, yaani karibu nusu kilo, na W240 ni kubwa zaidi na bei yake ni ya juu. Tulipowahesabisha wenyewe ratili moja mezani, wale waliokuwa wakikwaruza haraka walianza kumenya kwa uangalifu bila kuambiwa, kwa sababu sasa walijua kipande na nzima vinatofautiana nini sokoni.

Kisha andika ngazi ukutani: kumenya, kupanga madaraja, kufunga, kuangalia oveni, ukarani wa mizani. Kila ngazi iwe na kipimo cha kuingilia na malipo yake. Nafasi ikitokea, tangaza ndani siku saba kabla ya kutafuta nje.

Hatua ya 8: Mfuate aliyeondoka

Nina daftari dogo la watu walioacha kazi. Naandika tarehe, meza aliyokaa, na sababu niliyoisikia kwake mwenyewe, si kwa mnyapara wake. Watu wakiacha kutoka meza moja, tatizo liko pale mezani. Wakiacha wiki ya pili, hatukuwapokea vizuri.

Mwaka jana niliona watatu wameacha wakiwa na watoto wachanga. Sheria inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, na akirudi anaruhusiwa muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku. Tulikuwa tunatoa likizo, lakini saa za kunyonyesha zilikuwa maneno tu, maana nyumbani ni mbali na nauli ya bodaboda kwenda na kurudi inakula kilo zote za asubuhi. Tukajenga kibanda cha makuti nyuma ya ghala, mbali na moshi wa ganda, tukaweka mkeka, ndoo ya maji na bibi mmoja wa mtaani anayelipwa kuangalia watoto. Nikaenda nyumbani kwa wale watatu kuwaeleza. Wawili wamerudi. Wa tatu alisema atakuja kwanza kukiona kibanda kwa macho yake, na Jumatatu iliyopita alikuja, mtoto mgongoni, akakaa kwenye mkeka muda mrefu akizungumza na yule bibi.