Mzee kaambiwa mshipa wa moyo umejaa chokaa, sasa mfanyeje

Kwanza tulieni. Ami yangu wa Wete, Pemba, alipoambiwa hivi nyumba nzima ikaanza kumsagia kitunguu thomu na ndimu kila asubuhi. Chokaa ya mshipani haiyayuki kwa ndimu jamani, wala kidonge hakiiondoi. Chukua birika lililochemshiwa maji ya kisima miaka na miaka, kwaruza ule ukoko mweupe ndani kwa kijiko uone, kwa ugumu ndo hivyo hivyo.

Si kila chokaa inataka kuvunjwa, wengine wanaenda na dawa tu. Ila kama mzee akipanda ngazi kifua kinambana na daktari kashataja stenti, kile kijibomba cha wavu wa chuma kinachoachwa mshipani ubaki wazi, hapo muulizeni: chokaa mtaivunja na nini kabla ya kutia stenti? Maana stenti ikiwekwa kwenye mshipa mgumu haifunguki sawasawa, inabaki imebanwa, baadae mshipa unaziba tena au damu inaganda pale pale, na stenti ikishakaa ndo imekaa, haichomolewi.

Ulizeni na kipimo cha kuchungulia ndani ya mshipa, kile cha altrasaundi au cha mwanga. Chokaa ikizunguka zaidi ya nusu ya mshipa, unene ukapita nusu milimita na urefu milimita 5, hapo puto la kawaida la kutanulia mshipa lisitegemewe.

Kuna maputo ya presha kubwa na yenye vijiwembe. Kuna keekee ndogo yenye unga wa almasi inazunguka mara 140,000 mpaka 180,000 kwa dakika, inasaga chokaa mpaka vumbi lake linapita na damu. Halafu kuna mawimbi ya mshtuko, kama wanavyovunja vijiwe vya figo, puto linajazwa kidogo tu kisha linapiga, chokaa inapasuka mahali pake. Mie hii ndo imenishangaza, ila puto lisipopenya basi keekee itangulie.

Wengi wetu tunavuka Dar, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, so pigeni simu kabla ya kukata tiketi ya boti muulize kifaa gani kipo. Mwenye sukari au figo aseme mapema, ile dawa ya kuonyesha mishipa kwenye picha inazilemea figo.

Akishatoka, aspirini na klopidogreli, dawa za kuzuia damu isigande, asiruke hata siku, miezi 6 au mwaka kama daktari alivyosema, na Ramadhani apangiwe saa ya kumeza. Sie tulinunua za miezi mitatu Dar kabla ya boti, maana Wete siku nyengine unazunguka maduka yote ya dawa unarudi mikono mitupu.